Kwenda Kamwanga na Maji Mkononi

Siku ya safari Ismaeli alifika uani kabla chai haijachemka, na pikipiki mbili za kukodi pamoja na wenye kuziendesha. Alikuwa na kofia yake ya sala mfukoni na madumu matatu ya maji yaliyofungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Fadhila alikuwa amechutama karibu na mbabula, jiko lake la makaa, akifunga mihogo ya kuchemsha katika majani ya mgomba. Aliyatazama madumu, akamtazama shemeji yake, kisha akaendelea na mihogo. Walikuwa wanakwenda kwenye maporomoko ya maji ya Kamwanga, na mtu mwenye akili zake habebi kuni kwenda msituni.

"Ile maji ni ya nini, shemeji?" aliuliza.

"Ya njia, Mama Dunia. Jua iko kali. Na ile maji ya kule, bantu banasemaka haiko muzuri mu tumbo."

Fadhila alifunga muhogo mwingine. Tangu afiwe na mumewe alikuwa amejifunza kunyamaza, si kwa sababu hakuwa na la kusema, bali kwa sababu alitaka kusikia wengine wangesema nini zaidi. Ismaeli hakusema zaidi. Alikunywa chai yake, akakaza tena ile mipira.

Feruzi, mume wa Fadhila, alifia Kamwanga kiangazi kilichopita. Yeye na mdogo wake Ismaeli walikuwa wakirudi kutoka Kaniama kununua mahindi. Waliingia korongoni kupumzika na kusali adhuhuri, na Feruzi akateleza alipokuwa akitawadha. Hivyo ndivyo Ismaeli alivyosimulia. Alisema alijitupa majini na nguo zake zote, akafika hadi shingoni, akamshika kaka yake mkono, na maji yakampokonya. Alilia mpaka wanaume wawili wakamshikilia. Watu wote waliamini, na Fadhila pia aliamini, mpaka Ismaeli alipobadilisha nguo kwa ajili ya mazishi. Fadhila ndiye aliyefua nguo za nyumba nzima. Alipolichukua lile shati la safari, aliona mkunjo wa pasi, ule alioupiga mwenyewe, bado umesimama kwenye mikono yote miwili. Shati la pamba likishaloa, hata ulianike juani kutwa, mkunjo haurudi wenyewe. Alilitazama, kisha kwa mazoea tu akalitumbukiza kwenye beseni, akalifua na kulianika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyofuta kila kitu.

Eda ilipokwisha, wazee wa ukoo walikutana kwa Mzee Lukmani, ndugu mkubwa wa marehemu baba wa Feruzi na Ismaeli, mtu mwenye duka la vitambaa na sauti katika msikiti. Shauri lao lilikuwa kwamba Ismaeli amwoe mjane. Hawakumlazimisha Fadhila. Walimweleza kwa upole, wakimmiminia chai, kwamba akikubali atabaki katika nyumba, na Dunia, bintiye, atabaki naye. Akikataa, yuko huru kwenda na vyungu vyake popote apendapo, lakini mtoto ni wa ukoo na mtoto hatoki. Fadhila aliomba kitu kimoja kabla ya kujibu: aone mahali mumewe alipofia, amsomee Fatiha pale pale. Ismaeli alikubali upesi. Kisha gurudumu likapasuka, kisha moto wa nyika ukafunga njia, kisha akashikwa na homa, kisha homa ikarudi. Mwishowe Mzee Lukmani alichoka.

"Mupeleke, amalize machozi," alisema. "Kisha atujibu."

Kwa kuwa mjane hawezi kusafiri peke yake na mwanamume, Masengo alikuja naye. Masengo alikuwa jirani wa ng'ambo ya reli, mke wa mfanyakazi wa treni, Mkristo wa kuimba kwaya, mwanamke mnene aliyependa safari na aliyesema kila alichokiona. Alipanda pikipiki moja na Fadhila, wakabanana nyuma ya dereva wao. Ismaeli alipanda ya pili pamoja na madumu. Njia ya Kaniama ilikuwa vumbi tupu, na nyika zote mbili za kando zilikuwa zimekwisha ungua. Kila Fadhila alipogeuka nyuma, Ismaeli alikuwa akimtazama.

Waliziacha pikipiki katika kijiji cha mwisho. Mlinzi wa Kamwanga aliitwa Kalenga, mtu wa makamo aliyevaa jezi ya mpira, na walimkuta akitia mpini kwenye jembe. Aliweka jembe chini, akapiga makofi ya taratibu kama inavyopasa kwa Baluba, wenyeji wa kule, nao wakapiga yao, na Masengo akaitikia kwa heshima "Eyo vidye" kwa niaba ya wote. Kalenga alileta pemba, ule udongo mweupe, akampaka Masengo kwenye paji la uso. Fadhila alimnyoshea kiganja tu, naye akampaka kiganjani bila kuuliza. Ismaeli alisema dini yake haikubali.

"Na huyu ni wa dini gani?" aliuliza Kalenga, akimwonyesha Fadhila kwa kidevu.

Ismaeli alijifanya hakusikia.

"Weye ulishaka kufika huku," Kalenga alimwambia.

"Ndiyo. Na yaya yangu, marehemu Feruzi."

"Njo maana," alisema Kalenga. Hakueleza ni maana ya nini, akatangulia njia.

Korongo la Kamwanga halina mto. Wakati wa kiangazi, na hata miezi mingi ya masika, chini yake ni mchanga na mawe tu, na kuta zake nyekundu hurudisha joto kama tanuri la matofali. Maji hutoka katika ufa wa jabali, katikati ya ukuta, huporomoka, hujaza bwawa moja, kisha mchanga huyanywa na hayaonekani tena. Kwa hiyo mtu hutembea saa nyingi katika ukavu kuyafuata maji ambayo hayaendi popote. Ismaeli alichukua dumu moja begani, mawili akayaacha kijijini. Alitembea nyuma ya wote. Fadhila hakupenda awe nyuma yake. Alisimama kufunga upya kikwembe chake, naye Ismaeli akasimama. Alisimama kutoa kijiwe kiatuni, naye akasimama, akitazama angani kama mtu anayengoja treni.

"Pita, shemeji."

"Hapana, Mama Dunia. Minyi niko nachunga nyuma."

Jua lilipokuwa utosini walijibanza chini ya jabali lililojitokeza. Walikula mihogo. Ismaeli alijinyosha chali, akalala, na mara akaanza kukoroma, kinywa wazi. Fadhila alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akimtafuta mtu aliyemuua mumewe katika uso ule, na alichokiona ni mdomo wa Feruzi na nyusi za Feruzi, maana walitoka tumbo moja. Alimchukia kwa ajili ya nyusi zile pia. Masengo, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kwa joto, alilivuta lile dumu polepole, akajimwagia maji yote yaliyobaki miguuni, akashukuru Mungu kwa sauti.

Walipoinuka kuendelea, Ismaeli alilinyanyua dumu, akaliona jepesi.

"Nani amemwanga maji?"

"Ni minyi, kaka," alisema Masengo. "Miguu yangu ilikuwa inawaka. Na si tunaenda ku maji?"

Ismaeli alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu. Aliuliza kama si vizuri mmoja arudi kijijini kuchukua dumu jingine. Kalenga alisema maporomoko yako nyuma ya kona ile. Na kweli walikuwa wakiyasikia tayari.

Bwawa halikuwa kubwa. Fadhila alikuwa amelifikiria kama ziwa, kitu chenye nguvu ya kumla mwanamume mzima, na sasa aliona kwamba pale ukingoni maji yangemfika magotini, na katikati pengine kifuani. Mtu aliyejigonga kichwa angeweza kuzama humo. Mtu mwingine aliyesimama karibu angemtoa kwa mkono mmoja.

"Alianguka wapi?"

Ismaeli alisimama mbali, akaonyesha jiwe lenye utelezi.

"Na weye uliingia wapi?"

"Pale pale."

"Mpaka ku shingo?"

"Mpaka ku shingo, Mama Dunia. Juu ya nini unauliza vile?"

Fadhila alichutama, akatawadha. Maji yalikuwa baridi sana, yakamkumbusha kwamba mumewe hakupenda kuoga maji baridi. Alilia kidogo, machozi yakichanganyika na udhu, kisha akajifuta.

"Kuya, shemeji, ukamate udhu, utusalishe. Adhuhuri imefika."

"Niko na udhu ya asubui."

"Ulilala pale chini ya jiwe. Udhu ya muntu mwenye kulala inaisha."

"Nilifunga macho tu."

"Vraiment, kaka, ulikoroma," alisema Masengo. Hakujua sheria za udhu, wala hakuwa na nia mbaya. "Hata mijusi ilikimbia."

Ismaeli aliwatazama wote watatu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kwa siku hiyo alikuwa ameliwa na miguu ya Masengo. Alikunja mikono ya shati, akashuka ukingoni, akainama, akanyosha viganja.

Maji yalisogea. Yalimpisha kama watu wanavyosogea kwenye benchi la kanisa anapoketi karibu nao mtu wasiyemtaka: bila kelele, bila kumtazama. Viganja vyake vilifika hadi chini ya bwawa, vikagusa changarawe kavu. Alivisogeza kulia, maji yakahama kulia kwake zaidi. Aliinuka, akaenda chini ya maporomoko yenyewe, na maporomoko yakapinda, yakaanguka kando ya bega lake. Alipotoka, hata nyayo zake hazikuacha unyevu juu ya jiwe.

"Njo vile," alisema Kalenga, akijikuna shingo. "Ile maji haimugusake muntu mwenye aliacha mwenzake ndani yake. Mwaka ingine ilikataa askari moya wa ku Base, ku kambi ya jeshi."

"Na akaoga wapi?" aliuliza Masengo.

"Sijue. Alirudi na vumbi yake."

Ismaeli alikwenda kwenye ukuta wa korongo, akapiga viganja vyake juu ya vumbi, akajipangusa uso na mikono. Alitayamamu vizuri, kwa utaratibu, huku maji yakinguruma hatua chache kutoka kwake. Kisha akatoa kofia mfukoni, akaelekea kibla, akainua mikono. Fadhila alibaki amesimama. Alijua kwamba kutayamamu kunamfaa mtu aliyekosa maji. Hapa maji yalikuwepo, tena mengi. Hakujua kama sala nyuma ya imamu wa namna hiyo ingepanda hata kufika ukingo wa korongo. Mwishowe alijitenga, akasali peke yake upande wa pili wa bwawa, akamsomea Feruzi Fatiha, akaongeza nyingine.

Alipomaliza alimwendea Ismaeli. "Shati yako haikuloa ile siku. Minyi njo niliifula."

Ismaeli alikuwa akikunja kofia yake. Hakuonekana kukasirika, wala kuona haya.

"Mama Dunia, maji ilinikataa. Umeona na macho yako. Muntu mwenye maji inamukataa, anaingia namna gani kumutosha mwenzake mu maji?"

Hapo Fadhila aliogopa kweli, kwa mara ya kwanza siku ile. Aliogopa kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Wazee walikutana tena kwa Mzee Lukmani. Fadhila alisimulia yote, na hakuna aliyesema kwamba anaongopa. Masengo aliitwa, akaeleza alivyoona, pamoja na habari za mijusi. Walimshukuru, wakampa chai na mkate, wakamwacha aende, kwa kuwa hakuwa mtu wa dini yao. Ismaeli alisema maneno yale yale aliyoyasema korongoni, na wazee wakatikisa vichwa.

"Unaona, mwanangu?" alisema Mzee Lukmani. "Kosa ni ya maji."

"Baba mukubwa, yeye mwenyewe alituambiaka aliingia mpaka ku shingo."

"Muntu wa kilio anasemaka mingi."

"Kalenga anasema ile maji inakataaka muntu kisha ya kuacha mwenzake. Hapana mbele."

"Kalenga ni nani? Alisoma wapi?"

Fadhila alimgeukia Ismaeli, akamwomba aseme mwenyewe ni lini maji yalianza kumkataa, kabla Feruzi hajaanguka au baadaye. Ismaeli alisema hakumbuki. Mzee Lukmani alisema ni haki yake kutokumbuka, maana alikuwa amefiwa na ndugu. Kisha akamuuliza Fadhila jibu lake la ndoa. Alisema angependa lipatikane kabla ya alasiri.

"Siwezi kulala na muntu mwenye alimwangalia bwana yangu anakufa," alisema Fadhila. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyemkaripia. Mzee Lukmani alimtakia heri, akamtuma mtu amsaidie kubeba vyungu. Dunia alikuwa shuleni. Aliporudi, mama yake alikuwa ameshahamia chumba kimoja ng'ambo ya reli, nyuma ya nyumba ya Masengo.

Habari za Kamwanga, kama habari nyingine zote, ziliyafikia maji ya mji wao, Kamina, baada ya siku chache. Ismaeli alijimwagia ndoo bafuni, maji yakaanguka pembeni yakamwacha na povu. Maji ya bomba yalipinda kando ya mikono yake. Glasi ya maji ilipofika mdomoni maji yalirudi nyuma hadi chini, ingawa chai ilimkubali, labda kwa sababu ya sukari. Wazee walikaa wakatoa uamuzi kwamba mtu wa aina hiyo ahesabiwe kama msafiri jangwani. Sinia la mchanga safi likawekwa mlangoni pa msikiti, karibu na viatu. Wazee wawili wenye maumivu ya magoti waliomba walitumie nao, wakakataliwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, zilinyesha juu ya Kamina yote isipokuwa mahali Ismaeli alipokuwa akipita. Watu walimsalimu, wakaendelea na shughuli zao. Ilikuwa kituoni, siku treni ilipoleta chumvi na anga likafunguka, ndipo mtu mmoja alipogundua kwamba gunia alilolibeba Ismaeli begani lilibaki kavu kabisa, wakati ya wengine yalikuwa yakichuruzika. Walijaribu tena na saruji, ikawa vile vile. Alichokibeba mwenyewe hakikuloa; aliyetembea kando yake aliloa kama mtu yeyote. Kabla mwezi haujaisha wafanyabiashara wote walimtaka. Saruji yake ilikuwa saruji pekee mjini isiyoganda kabla ya kuuzwa. Alilichukua duka aliloliacha marehemu Feruzi, akaliongeza chumba, akapaka mlango rangi ya kijani. Watu walisema Mungu humfungulia mja wake milango asiyoitazamia, na Fadhila, akikaanga mandazi yake kando ya reli, aliwasikia wakisema hivyo, akageuza mandazi. Alijua kwamba kama angesema neno, wangemwonea huruma, na huruma yao hakuitaka.

Katika nyumba ya Ismaeli, alikobaki Dunia, hapakuwa na mwavuli, kwa sababu mwenye nyumba hakuuhitaji. Kwa hiyo siku za mvua Fadhila alikwenda kwenye lango la shule na kitambaa kikavu alichokificha ndani ya nguo. Dunia alitoka akikimbia. Mama alimfuta kichwa, masikio, shingo, akamsikiliza kifua. Mtoto alikuwa akikohoa tangu wiki ile nyingine. Alimuuliza kama anakula, akasema anakula. Alimuuliza kama analala vizuri, akasema soksi hazikauki.

Ismaeli alikuja kumchukua, maana alikuja kila siku ili mtoto asivuke reli kwenda kwa mama yake. Alikuwa ametoka kituoni na gunia la chumvi begani. Mvua ilimzunguka pande zote, yeye mkavu katikati, viatu vyake vikiwa na vumbi.

"Mungu akupe afya, Mama Dunia," alisema.

"Shemeji, mutoto anakohoa. Ufunge biashara kidogo. Utue ile chumvi hapa kwa sentinele wa mulango, umubebe mutoto mpaka ku nyumba."

Ismaeli alilitazama anga, akamtazama Dunia, akalisogeza gunia vizuri begani. Alilifikiria jambo lile kwa haki, kama alivyofikiria mambo yote.

"Chumvi ikiloa inaharibika, Mama Dunia," alisema. "Mutoto anakaukaka."

Akaondoka taratibu kuelekea mjini, na Dunia akamfuata, akiruka madimbwi.